Kuchagua na kufufua kopo la filta ya oili la malori ya Chevrolet ya 1947–1955

Somo hili linahusu malori ya Chevrolet ya Marekani yenye injini ya silinda sita mstari mmoja, inchi za ujazo 216 au 235 (lita 3.5 au 3.9). Filta ya oili ilikuwa nyongeza ya kulipia, kwa hiyo injini nyingi unazikuta hazina filta kabisa, au zimefungwa kopo la gari jingine. Hapo ndipo matatizo huanza.

Ni lazima uelewe jambo moja kabla ya kununua chochote. Hii ni filta ya baipasi. Haichuji oili yote inayokwenda kwenye beringi. Inachukua sehemu ndogo tu kutoka njia kuu, inaisafisha polepole na kuirudisha kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Kinachozuia oili isikimbilie sampu na kuacha beringi kavu ni tundu dogo la milimita 1.5 hivi kwenye bomba la katikati ya kopo. Kopo zuri kama jipya lisilo na tundu hilo ni hatari kuliko kutokuwa na filta.

Kwanza ijue injini yako

216 haina presha kubwa. Konrodi zake (mikono inayounganisha pistoni na kranki) hupata oili kwa vijiko vinavyochota kwenye vibakuli vya sampu, na geji yake ya presha huishia 30 (psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba). Ikisoma 14 hivi barabarani, injini ikiwa ya moto, haina ugonjwa. 235 ya malori ya 1954 na 1955 husukumiwa oili kwa presha hadi kwenye konrodi, na geji yake huishia 60. 216 ndiyo isiyosamehe kopo baya, kwa sababu presha yenyewe ni ndogo tangu mwanzo.

Kuchagua kopo

Tafuta kopo la chuma lenye mfuniko unaofunguka, bomba la katikati na mkanda wa kulishikilia. Yale yaliyofungwa moja kwa moja kiwandani, yasiyo na mfuniko, yalitengenezwa ya kutupwa zima, hayafai kufufuliwa. Kopo la Bedford au Land Rover lenye kichwa cha chuma cha kumimina nalo acha, maana hilo ni la kupitisha oili yote na halina tundu la kubana.

Nenda dukani na biti mbili za kutobolea, ya milimita 1.5 na ya milimita 2. Tumia mkono tu: ya 1.5 ipite au ikaribie kupita, ya 2 ikatae. Ya 2 ikiingia, mtu amekwisha kulipanua. Kisha puliza hewa kwenye kila mdomo wa kufungia paipu. Mdomo unaotoa hewa ndani ya bomba la katikati ndio wa kutokea. Mwingine ni wa kuingilia. Utie alama hapohapo, usije ukasahau. Ukingo uliopinda kidogo hunyooshwa. Kitako kilicholiwa na kutu hadi kubonyea kwa kidole, mwachie muuzaji.

Kusafisha

Loweka kopo kwenye mafuta ya taa usiku mzima, ukwangue tope kwa kijiti cha mbao, kisha uoshe kwa sabuni mpaka liishe utelezi kabisa, kwa sababu grisi huzuia umeme kufanya kazi katika hatua inayofuata. Changanya kijiko kimoja cha mezani cha soda ya kufulia kwa kila lita 4 za maji kwenye ndoo ya plastiki. Zamisha humo kopo na chuma chakavu cha kawaida bila kugusana, umeme uondoe kutu. Chaja ya betri ya volti 12: waya hasi kwenye kopo, chanya kwenye chuma chakavu. Usitumie chuma kisichoshika kutu; hutoa sumu ya kromiamu majini. Fanya kazi hii nje, kwa sababu gesi inayotoka hulipuka. Kutu huondoka pale tu kopo na chuma chakavu vinapotazamana, kwa hiyo ya ndani inahitaji chuma kingine kining'inizwe ndani ya kopo bila kugusa kuta.

Kupiga mchanga pia kunafaa kwa nje, lakini ziba midomo yote miwili na bomba la katikati. Punje moja ikibaki kwenye tundu, filta imekufa kabla haijaanza. Tundu lenyewe zibua kwa waya laini wa shaba, kamwe usitumie drili.

Ukingo, rangi na kupima

Bandika msasa namba 120 juu ya kioo kinene, geuza kopo na uzungushe mpaka ukingo wote ung'ae sawasawa. Rangi ipakwe nje tu. Ndani paka oili safi. Rangi ya ndani hubanduka na vipande vyake huziba tundu. Vivyo hivyo silikoni: gasketi mpya ya mpira unaostahimili oili au ya koki inatosha peke yake. Washa ya shaba ya bolti ipashe moto mpaka iwe nyekundu, uizamishe majini, italainika tena.

Kwa kuwa tundu liko baada ya kichujio (kile cha ndani ya kopo kinachonasa uchafu), kopo lote hubeba presha kamili ya injini. Ziba midomo, jaza mafuta ya taa mpaka juu, kisha pampu ya mkono: 30 kwa 216, 60 kwa 235, dakika kumi. Usipime kwa hewa tupu, maana kopo bovu likipasuka likiwa na hewa hurusha mfuniko. Kitobo kidogo kilehemu kwa shaba. Lehemu ya risasi haihimili mtikisiko.

Kufunga

Tumia paipu za chuma za robo inchi. Shaba nyekundu hukakamaa kwa mtikisiko na kukatika, na ikikatika oili yote iko barabarani. Usizungushe utepe mweupe wa fundi bomba kwenye nyuzi; vipande vyake huingia ndani. Ongeza oili lita 1 hivi juu ya kiasi cha kawaida, na baada ya kuwasha kagua tena kijiti cha kupimia oili.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimefunga kopo kwenye 216 na geji, injini ikiwa silensa (ikizunguka polepole bila kukanyaga mafuta), imetoka 8 hadi 3. Pampu imechoka?*
Pampu usiiguse bado. Fungua paipu ya kuingilia, uzibe pale kwenye injini, uwashe. Geji ikirudi 8, tundu la kopo ni kubwa. Weka kizibo cha shaba ya njano kwenye mdomo wa kutokea, ukitoboe kwa biti ya 1.5.

*Dakika ishirini injini inazunguka, kopo bado baridi. Ni kawaida?*
Hapana, fundi. Kopo linalofanya kazi huwa la moto kama injini. Legeza paipu ya kuingilia kwanza: oili isipotoka, umechukua kwenye mdomo usio na presha. Ikitoka, tatizo ni kichujio au tundu.

*Naweza kutumia filta ya kisasa ya kufunga kwa mkono?*
Inawezekana, mradi kuwe na kibano cha 1.5 kwenye njia ya kurudi. Ila haichuji laini kama kichujio cha asili, na kwa lori la maonyesho itakuangusha.

*Injini yangu haijawahi kuwa na filta. Niweke oili ya kisasa yenye sabuni mara moja?*
Shusha sampu kwanza, dada, ulikwangue lile tope. Kwenye 216 safisha pia vibakuli na vipulizi vya oili. Sabuni ikilivunja tope lote kwa mkupuo, kichujio kitaziba ndani ya siku chache. Badilisha kichujio cha kwanza baada ya kilomita 500, cha pili baada ya 1,500.