Jinsi ya kuwasilisha mkataba wa muungano kwa Msajili wa Vyama bila chama chako kuumia

Nilikuwa katibu wa chama kidogo tulipoingia kwenye muungano kabla ya uchaguzi mkuu hapa Kenya. Fomu na barua hazikunisumbua, wala hazitakusumbua wewe. Tuliumizwa na mambo matatu: kumbukumbu za mkutano, orodha ya maafisa, na kifungu cha fedha tulichokubali kiachwe "tutaelewana baadaye". Hayo ndiyo nitakayoyaeleza kwa kirefu.

Kwanza amueni mnaunda nini. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011, baada ya marekebisho ya 2022, inatambua muungano wa kawaida na pia chama cha muungano, ambacho chenyewe husajiliwa kama chama. Azimio la Umoja, muungano uliomsimamisha Raila Odinga kuwania urais, ilifuata njia hii ya pili mwaka 2022. Mkataba wa chama cha muungano sharti umfikie Msajili miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu. Ule wa muungano wa kawaida, miezi mitatu. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Hesabu kurudi nyuma utapata Aprili 10 na Mei 10. Aprili 10 hiyo itakuwa Jumamosi, kwa hiyo jipange kumaliza kabla ya Ijumaa. Mkiungana baada ya kura, mna siku 21 tangu mtie sahihi.

Sasa kumbukumbu za mkutano. Jedwali la Tatu la sheria hiyo linataka mkataba uidhinishwe na baraza linalosimamia kila chama, uandikwe, utiwe sahihi na maafisa wa kitaifa walioruhusiwa, kisha uthibitishwe mbele ya kamishna wa viapo, yaani wakili mwenye ruhusa ya kushuhudia viapo. Fuata mpangilio huohuo. Sisi tulianza na sahihi kwa sababu washirika walikuwa wameshakodi ukumbi na kuita wanahabari, halafu tukaitisha baraza liidhinishe jambo ambalo nchi nzima ilishaliona kwenye runinga. Wajumbe wa mashinani walikasirika, na walikuwa na haki. Akidi haikutimia mara ya kwanza. Tuliwalipia nauli mara mbili, na pesa hizo zilikuwa za kampeni.

Kabla ya mkutano huo, chukua orodha ya maafisa iliyo kwa Msajili uilinganishe na watu mlio nao. Mweka hazina wetu alikuwa amehama, tukamteua mwingine, na hatukuwa tumepeleka taarifa. Badiliko la maafisa hutangazwa kwanza katika Gazeti Rasmi la Serikali ili anayepinga apate nafasi ya kusema. Huwezi kulimaliza asubuhi moja. Ikague orodha hiyo mwaka mmoja kabla ya uchaguzi.

Mkataba wenyewe lazima uonyeshe sera na malengo ya muungano, muundo wake, kanuni za uteuzi wa wagombea, namna ya kufanya maamuzi, maadili, adhabu kwa anayevunja masharti, utatuzi wa mizozo, na sababu zinazoweza kuuvunja muungano. Mengi ya hayo wakili atayaandika vizuri. Vifungu viwili usimwachie mtu: mgao wa nyadhifa na mgao wa fedha.

Kuhusu nyadhifa, tumeshajifunza kwa uchungu. Mwaka 2002 kambi mbili, NAK ya Mwai Kibaki na LDP ya Raila Odinga, zilitia sahihi mkataba wa maelewano ndani ya NARC, muungano ulioshinda uchaguzi wa mwaka huo, wakati ambapo hatukuwa na Sheria ya Vyama vya Siasa. LDP ikalalamika kwamba iliahidiwa nusu ya serikali na cheo cha waziri mkuu. Kufikia kura ya maamuzi ya Novemba 2005 kuhusu katiba mpya, mawaziri wa serikali moja walikuwa wakipiga kampeni za kupingana. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, makubaliano ya Kibaki na Raila ya kugawana mamlaka yaliingizwa kwenye sheria na katiba, na bado serikali yao ya pamoja, iliyoitwa ya nusu mkate, ilichelewa: sahihi Februari 28, baraza la mawaziri 40 Aprili 13. Wiki hizo zote zilikwenda katika kugombea wizara, huku waliofurushwa makwao wakilala kwenye mahema. Kwa hiyo andika idadi, andika nyadhifa kwa majina, na andika nani ataamua mkikosana.

Fedha ndiyo mahali tulipopoteza zaidi. Asilimia 70 ya Hazina ya Vyama vya Siasa, yaani fedha za umma zinazotolewa kwa vyama, hugawanywa kwa kufuata kura ambazo chama kilipata. Mkiambiwa mgawane maeneo, ninyi muondoe wagombea wenu huku ili mwenzenu asipate mpinzani, elewa kwamba mnaondoa pia kura zenu kwenye hesabu hiyo. Sisi tuliondoa wagombea kwa moyo safi. Mshirika mkubwa akaahidi kwa mdomo kwamba mgao ukija tutapata sehemu yetu. Ulipokuja, tulionyeshwa mkataba usio na tarakimu hata moja. Dai asilimia, dai tarehe ya kulipa, na dai viandikwe kabla hujamwondoa mgombea hata mmoja wa wadi.

Siku ya sahihi, kataa kupewa ukurasa wa mwisho pekee. Soma mkataba wote, weka sahihi ya mkato kila ukurasa, na usitoke bila nakala kamili. Sisi tuliondoka na picha ya simu, ukurasa mmoja. Hati ikishapokelewa kwa Msajili, hakikisha nakala yako pia imepigwa muhuri wa kupokelewa, na uihifadhi ofisini kwa chama, si nyumbani kwa mwenyekiti.

Mkikosana baadaye, Jopo la Mizozo ya Vyama vya Siasa, ambalo ndilo husikiliza kesi za vyama, litakuuliza kwanza kama mlijaribu kusuluhishana ndani ya muungano, na litataka ushahidi. Malalamiko yetu yote tulikuwa tumeyapeleka kwa simu. Andika barua tangu siku ya kwanza, iwe na tarehe, na aliyeipokea atie sahihi kwenye nakala unayobaki nayo.