Namna ya Kuupima Mshale wa Rada Kabla ya Kuuamini

Afisa wa zamu anayepita Mlango wa Bahari wa Zanzibar usiku huona kwenye rada meli za mizigo, boti za abiria na mashua, kila kimoja na mshale wake unaoonyesha kinakoelekea na kasi yake, na ni rahisi asahau kwamba mshale huo umekokotolewa kutokana na mahali chombo kilipokuwa katika mizunguko ya antena iliyokwisha kupita.

Ukishakichagua chombo kwenye rada ili ikifuate, subiri. Viwango vya Shirika la Bahari Duniani huitaka rada ionyeshe dalili ya mwendo ndani ya dakika 1 na makadirio kamili ndani ya dakika 3. Meli mbili zinazokabiliana, kila moja ikienda maili 15 za baharini kwa saa, hukaribiana maili moja na nusu katika dakika hizo 3. Mshale huyumba tena kila chombo kile kinapopinda, na hata wewe mwenyewe unapogeuza usukani. Kwa hiyo shika njia moja hadi mshale utulie, na wakati huo pima kwa dira upande kilipo. Upande usipobadilika huku umbali ukipungua, hatari ya kugongana ipo, hata kama kioo kinasema mtapishana salama.

Jihadhari zaidi tagi, yaani meli ndogo ya kuvuta meli nyingine, inapopita karibu sana na meli iliyotia nanga. Miangwi yao miwili, yaani mawimbi ya rada yanayorudi kutoka kwenye vyombo hivyo, ikiungana, alama ya ufuatiliaji huweza kuhama kutoka chombo kimoja hadi kingine: meli ya nanga ikaonekana inatembea, na tagi ikaonekana imesimama. Futa alama zote mbili, ngoja miangwi itengane, kisha uchague upya.

Kasi ya meli yako iingizwe kwenye rada kutoka logi, kifaa kinachopima mwendo ndani ya maji, kwa kuwa kasi inayopimwa dhidi ya ardhi, penye mkondo, hupotosha upande ambao chombo kingine kinakuelekezea.

Ngalawa ndiyo inayonitia hofu kuliko vyote. Ni ya mbao, iko chini, na mwangwi wake hutokea katika mzunguko mmoja wa antena, kisha katika miwili inayofuata ukapotelea kwenye mawimbi, kwa hiyo rada hushindwa kuifuata. Ukizidisha kichujio cha mawimbi, unaifuta kabisa. Kengele haitalia kwa kisichoonekana. Mweke mlinzi nje, macho yake yakiwa yamekwisha kuzoea giza, atafute tochi moja inayopepea juu ya maji.