Kutafuta maisha ya babu aliyekuwa mulimi huku Bushi: anza na kilima, jina litafuata

Babu yangu alilima mihogo, maharagwe na ndizi kwa kilima kimoja upande wa Walungu, huku Bushi, kwetu Washi, Kivu ya Kusini ya Congo, maisha yake yote, na kwa karatasi nimemupata mara tatu tu: kwa rejista ya ubatizo, kwa kile kitabu kidogo cha utambulisho cha wakati wa Wabelgiji, na kwa risiti moja ya kodi iliyokuwa imekunjwa ndani ya kile kitabu. Tatu tu. Lakini ukiziweka pembeni ya maneno ya wazee unaanza kumuona kabisa, alivyooa, alivyopata shamba, mwaka gani aliingia dini. Sasa niwaelezee vile nilifanya, juu wengi hapa Bukavu wanaanza kwa jina na wanakwama palepale.

Jina linakwamisha kwa sababu kwetu Washi baba ana jina lake na mtoto ana lake, ndugu wa tumbo moja majina yao hayafanani hata kidogo, halafu padri au karani aliandika vile sikio lake lilisikia. Cirhuza utaikuta Tshiruza, Chiruza, Cirusa, na wote ni mutu mumoja. Kisha 1972 Mobutu akakataza majina ya kizungu, basi yule uliyemujua kwa jina la ubatizo kwa karatasi za baadaye hayuko tena. Kilima lakini hakibadilike hivyo. Andika kwanza kilima, lokalite (kijiji), grupma (vijiji kadhaa pamoja), na chefferie, ni kusema eneo la mwami (Kabare, Ngweshe, Kaziba na zingine), ndo ufunguo wako kwa kila biro utakayoingia.

Ila jina la mwanamuke linasaidia sana, watu wanasahau. Bibi akiitwa M'fulani, ile M' inamaanisha binti wa fulani, kwa hiyo umeshapata jina la baba yake bila kuuliza mutu, umepanda kizazi kimoja hivi hivi.

Sasa wazee. Enda na kitu mukononi, kasiksi (pombe ya ndizi) kama wanakunywa, kama hapana sukari na sabuni, na useme mapema kabisa kwamba unatafuta historia ya familia na hutaki shamba la mutu. Hii msiipuuze ndugu zangu. Mimi sikusema mwanzoni, baba mudogo mumoja akafikiri nimetumwa kupima mipaka, akanyamaza miezi saba. Na usiulize "alizaliwa mwaka gani", utapewa mwaka wa kubahatisha tu, hata kwa karte ya elekteri (kadi ya kupiga kura) ukiona 01/01 ujue tarehe haikujulikana, karani aliijaza. Uliza: mamluki wa Schramme, yule Mubelgiji, walipokamata Bukavu, Agosti mpaka Novemba 1967, ulikuwa umeshaoa? Wakati wa uhuru 1960 ulikuwa unachunga mbuzi ao ulikuwa unalipa kodi? Hapo wanakumbuka vizuri sana.

Swali kubwa kwa mulimi wa Bushi ni kalinzi, ile desturi ya kupata shamba kwa kutoa ng'ombe mbele ya mashahidi. Nani alimupa shamba, ng'ombe alitolewa kwa nani, nani walikuwa mashahidi? Kalinzi haikuandikwa kwa kawaida, lakini mashahidi wana wajukuu, na wajukuu wana hadithi. Omba muzee atembee na wewe mpaka kwa mipaka yenyewe kama miguu inamuruhusu, akifika kwa mti wa mpaka atataja jirani wa kila upande bila wewe kuuliza. Mimi nilipata majina manne hivyo kwa asubuhi moja, na kwa hao wanne mumoja ndo alikuwa baba wa ubatizo wa babu, nilikuja kumukuta kwa rejista.

Uliza pia walilazimishwa kulima nini, juu kuanzia 1933 sheria ya mukoloni iliruhusu kulazimisha wanakijiji kulima mpaka siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita, 1942, ikapandishwa mpaka 120. Kama babu alifanya kazi kwa plantation ya chai, kahawa ao kwinini, jua kwamba Zairianisation ya Novemba 1973, Mobutu aliponyang'anya wageni mali zao, iligawa hizo shamba kwa watu wengine, karatasi nyingi za wafanyakazi zikapotelea hapo.

Kwa paruwasi (parokia) enda siku isiyo ya misa kubwa, umuombe padri kwa heshima, uache kitu kwa kanisa. Kumbuka paruwasi ya leo inaweza kuwa zamani ilikuwa tawi tu, rejista za mwanzo ziko kwa ile mama. Nyangezi kwa mufano ilianza 1906. Rejista za zamani ziko kwa Kilatini lakini maneno ni yaleyale kila mustari: natus amezaliwa, filius mtoto wa kiume wa, filia wa kike, patrinus baba wa ubatizo, obiit alikufa, circiter karibu. Ukiona circiter mbele ya mwaka, padri alikadiria. Usifunge kitabu bila kusoma pembeni, pale pembeni ndo wanaandikaga ndoa, tarehe na paruwasi alikooa. Na kama alibatizwa mukubwa na Mapadri Weupe, toa karibu miaka minne, juu mafundisho yao yalikuwa ya miaka minne, utajua lini alianza kwenda misioni.

Sensa msitegemee sana. Sensa kubwa ya nchi tangu uhuru ni moja tu, ya 1984, na inakupa hesabu ya watu, haikupi babu yako. Kile kitabu cha utambulisho ndo cha thamani: chefferie, kijiji, wake, watoto, kodi. Kitafute kwa sanduku la shangazi, chini ya vitenge. Ripoti za materitware (wilaya) za mukoloni ziko Bruxelles kwa arshive za serikali, kama una ndugu kule atakupatia jina la sefu na hali ya kijiji.

Kila karatasi piga foto mbele na nyuma, andika nani aliitunza, na urudishe ileile siku.

Mimi bado natafuta mama yake babu. Kwa rejista padri aliandika "mater pagana", mama mupagani, na jina akaacha wazi. Kuna mama mumoja wa karibu miaka tisini kwa kilima cha pili ambaye wanasema alimujua, nitafika kwake Jumapili.