Sala ya kila siku: itafutie saa yake hata msimu wa korosho

Anayesema "nitaomba nikipata nafasi" mara nyingi hulala hajaomba. Nafasi hutengwa, na njia rahisi ni kuifunga sala kwenye jambo ambalo tayari hutokea kila siku. Mtwara au Lindi mjini, adhana ya alfajiri husikika karibu na saa 11. Nawe amka kwa adhana hiyo hiyo. Inuka, nawa uso, kaa kwenye kigoda. Ukiomba ukiwa bado umejilaza, usingizi utakuchukua kabla ya Amina.

Simu iache chumba kingine, utumie Biblia ya kitabu. Ukifungua iliyo kwenye simu, meseji za usiku ndizo utakazosoma kwanza.

Mwezi wa kwanza zitoshe dakika 15: 2 za kutulia, 4 za kusoma zaburi moja kwa sauti ya chini, 7 za kuomba (shukrani, toba, kisha mahitaji), 2 za kukaa kimya mbele za Mungu. Hizi za mwisho ndizo watu huzikatisha, nazo ni za thamani sana. Wengi hutoka kwenye mkesha wakiwa na moto, wakajipangia saa nzima. Siku ya nne wamechoka, ya tano wanaona haya kurudi. Ukikosa siku, usiilipe kama deni. Kesho endelea na dakika zako 15.

Zaburi ni 150, hivyo moja kwa siku ni miezi mitano hivi. Zaburi ya 119 ina mistari 176, katika vipande 22 vya mistari 8. Soma kipande kimoja kimoja, hata kama itakuchukua wiki tatu.

Majina ya unaowaombea yaandike daftarini, yasizidi matano kwa siku. Yakifika arobaini utakuwa unaita mahudhurio tu.

Kazi ngumu ni shambani. Wakati wa kupulizia salfa mikorosho, watu hutoka alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umetulia. Saa ile si yako tena, basi panga mapema kuihamisha sala: iwe baada ya kurudi na kuoga, au jioni kabla ya chakula. Baada ya chakula, mwili uliochoka hausali. Msimu wa kuokota korosho, chagua mstari mmoja asubuhi, uurudie moyoni huku mikono ikiokota. Huo ni msaada wa mchana, haufuti zile dakika 15.

Mama mwenye mtoto mchanga azigawe: dakika 5 mtoto akinyonya, 5 akilala mchana, 5 usiku. Danieli naye alisali mara tatu kwa siku (Danieli 6:10), akiwa na kazi kubwa ya serikali. Wakatoliki wanayo sala ya Malaika wa Bwana saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Ni fupi, hata aliye kwenye foleni ya maji ataimaliza kabla ndoo yake haijafikiwa.