Kutafuta fleti ya kupanga katika mji mdogo na kupima kodi yake

Katika mji mdogo, fleti nzuri hupata mpangaji kabla haijatangazwa. Kwa hiyo anza na wenye maduka na walinzi wa mtaa unaoutaka. Hao ndio wanaojua nani anahama mwisho wa mwezi. Pita jioni pia: dirisha lisilo na pazia wala taa, ulizia. Dalali naye anasaidia, ila fleti moja huweza kuwa kwa madalali watatu, kila mmoja na bei yake. Usilipie nyumba ambayo hujaingia ndani.

Kodi ya kweli utaipata kwa wapangaji, maana mwenye nyumba atakutajia anayoitamani. Ukishajua kodi za fleti 5 au 6 za ukubwa mmoja, ondoa ya juu kabisa na ya chini kabisa. Zilizobaki ndizo bei ya mji. Halafu jumlisha maji, umeme, taka, ulinzi na nauli. Fleti ya kodi 100 yenye gharama za pembeni 30 ni ghali kuliko ya 120 ambamo vyote vimo. Mita ya umeme ya pamoja ihesabu kama kasoro, kwani anayetumia pasi na jiko la umeme atachangiwa na wewe.

Ukifika kuiona fleti, fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa wakati mmoja uone kama maji yanatosha, ikiwezekana asubuhi, majirani nao wanapotumia maji. Kipande cha rangi mpya karibu na sakafu mara nyingi kimeficha unyevunyevu, kiguse, kinuse.

Sasa mpatane. Mwezi mmoja mtupu humnyima mwenye nyumba sehemu 1 kati ya 12 ya kodi ya mwaka, zaidi ya asilimia 8. Ukiomba apunguze asilimia 5 kwa fleti iliyokaa tupu miezi miwili, hesabu iko upande wako. Kwa iliyoachwa jana, usijisumbue. Wenye nyumba wengine hugoma kwa sababu wapangaji wa jirani watasikia nao watadai punguzo. Huyo mwombe apake rangi, abadilishe vitasa, au asipandishe kodi kwa mwaka mzima.

Amana iandikwe kwenye mkataba: kiasi, siku ya kurudishwa, na makato yanayoruhusiwa. Piga picha kila ufa na kila bomba linalovuja kabla ya kuingiza mzigo, umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo.