Vitufe na kipanya: programu ya tiketi za boti Lamu

Tuseme unaandika programu ya kukatia tiketi za boti pale jeti ya Lamu. Vitufe vitatu vya safari, na chini yake ramani ya kubofya. Tunatumia Python na Tkinter, maktaba yake ya kutengeneza madirisha na vitufe.

import tkinter as tk
dirisha = tk.Tk()

def kata(m):
    print("Tiketi ya", m)

for m in ["Mokowe", "Shela", "Manda"]:
    tk.Button(dirisha, text=m, command=lambda m=m: kata(m)).pack()

def gusa(tukio):
    print(tukio.x, tukio.y)

ramani = tk.Canvas(dirisha, width=400, height=300)
ramani.pack()
ramani.bind("<Button-1>", gusa)
dirisha.mainloop()

Hiyo m=m ndani ya lambda (fanksheni fupi isiyo na jina) usiiache. Ukiandika lambda: kata(m), vitufe vyote vitatu vitakata tiketi ya Manda, kwa sababu m husomwa wakati wa kubofya, na kufikia hapo imeshabaki na jina la mwisho. Ukiandika command=kata(m) ndiyo balaa zaidi: tiketi tatu zinatoka kabla dirisha halijaonekana, kisha vitufe havijibu kitu.

Kwenye ramani, gusa lazima ipokee tukio, yaani taarifa za mbofyo; bila hilo utapata TypeError kila ukibofya. Namba x na y huhesabiwa kutoka pembe ya juu kushoto ya ramani, na y huongezeka ukishuka chini.

Kwa kitufe tumia command, si bind (ile inayounganisha tukio na fanksheni, kama kwenye ramani). command hungoja kidole kiachie, hivyo mkata tiketi aliyebonyeza Shela kimakosa anaweza kuvuta kipanya nje ya kitufe na hakuna kitakachokatwa. bind ya "<Button-1>" hufanya kazi papo hapo kinapobonyezwa, hata kitufe kikiwa kimezimwa kwa state="disabled".

Shida inayowagharimu watu pesa ni time.sleep(3), yaani kuilaza programu sekunde tatu, ndani ya kata, eti kungojea printa. Dirisha linaganda, abiria ana haraka, mkata tiketi anabofya tena na tena. Mibofyo hiyo haipotei: inapanga foleni, na dirisha likizinduka tiketi zinatoka mfululizo. Kukizima kitufe, kulala, kisha kukiwasha ndani ya kata ileile hakusaidii, maana foleni husomwa baada ya kata kwisha, kitufe kikiwa kimeshawashwa. Kizime, halafu uandike dirisha.after(3000, washa), yaani ita washa baada ya milisekunde 3000, ambapo washa ni fanksheni ya kukirudishia state="normal". Dirisha litaendelea kupumua, na mibofyo ya ziada itaangukia kitufe kilichozimwa.