Mwana Kidato cha Sita, maandalizi ya maombi ya chuo yasisubiri matokeo

Ninafanya kazi steshenari, na kila Julai matokeo ya Baraza la Mitihani, NECTA, yakitoka, vijana hupanga foleni kuanzia asubuhi. Wengi wamefaulu vizuri. Kinachowakwamisha ni jina lililotofautiana kwenye vyeti, laini ya simu iliyopotea, au cheti cha kuzaliwa ambacho hakijahakikiwa. Mambo hayo yote yangemalizwa mapema, kabla hata ya mtihani wa Mei. Fuata mpangilio huu.

Hatua ya kwanza: linganisha majina (kabla ya likizo ya Desemba)

Weka mezani cheti cha kuzaliwa, matokeo yako ya kidato cha nne na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kama unayo. Soma herufi kwa herufi. Cheti kimoja kikiandika Hamisi na kingine Khamis, au jina la babu likiwa kwenye kimoja na kwenye kingine halipo, hilo ni tatizo tayari. Ukiingiza namba yako ya mtihani wa kidato cha nne kwenye mfumo wa chuo au wa mkopo, jina linalokuja ni lile lililoko NECTA, basi hilo ndilo la kulifuata. Muone mwalimu wa taaluma, uliza kama panahitajika hati ya kiapo ya mwanasheria au marekebisho ya cheti chenyewe. Usiseme ni herufi moja tu.

Hatua ya pili: RITA

Anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, lazima cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Maombi ya uhakiki hufanyika mtandaoni. Aliyefiwa na mzazi ahakiki pia cheti cha kifo. Waliozaliwa Zanzibar wanahudumiwa na wakala wa usajili wa huko, ZCSRA. Tumia likizo ya Desemba, kwa sababu dirisha la mkopo likishafunguliwa nchi nzima inaomba uhakiki kwa wakati mmoja. Kama huna cheti kabisa, hii ndiyo kazi yako ya kwanza kuliko zote.

Hatua ya tatu: jua kozi inataka nini

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka. Wa mwaka uliopita unatosha kuanzia. Fungua kozi unayoitaka, soma masharti yake, halafu tazama na nafasi zilizopo. Kima cha chini cha shahada ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4.0, na masomo hayo ni yale yanayoihusu kozi. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinakufikisha, lakini D na E hazifiki. General Studies haimo kwenye hesabu hiyo. Na kima cha chini ni mlango tu: udaktari wa binadamu unataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, na ushindani wake ni mkali.

Andika orodha yenye kozi unayoitamani sana, kozi unayoiweza kwa matokeo yako ya kawaida darasani, na moja ambayo hata mtihani ukikuendea vibaya utaipata. Mwoneshe mzazi au mlezi sasa, msije mkabishana Julai.

Hatua ya nne: laini na baruapepe yako mwenyewe

Hapa nakusihi, mdogo wangu. Usitumie namba yangu, ya rafiki, wala ya kaka wa steshenari yoyote. Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu au baruapepe uliyojazia. Simu isipokuwa yako, nafasi yako iko mikononi mwa mtu mwingine. Nenosiri liandike kwenye daftari, nakala moja abaki nayo mama.

Hatua ya tano: bahasha kabla ya JKT

Ukimaliza mtihani huenda ukaitwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, na usitegemee kupata muda wa kuhangaikia karatasi ukiwa kambini. Kabla hujaondoka, skani vyeti vyote na uviweke kwenye flashi na kwenye baruapepe. Chagua mdhamini wa mkopo, pata nakala ya kitambulisho chake na picha yake ya pasipoti. Fomu ya mkopo husainiwa na serikali ya mtaa au kijiji na kushuhudiwa na hakimu au wakili, kwa hiyo mtu wa nyumbani ajue ofisi hizo ziko wapi. Familia iliyo kwenye TASAF, mpango wa kusaidia kaya maskini, itunze namba ya kaya.

Hatua ya sita: dirisha likifunguliwa

Maombi ya chuo unatuma moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo. Mkopo unaombwa kwenye mfumo wa HESLB, kwa namba ileile ya kidato cha nne uliyotumia chuoni. Lipa kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo wenyewe, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu. Ukikosa awamu ya kwanza, soma orodha ya kozi zenye nafasi na uombe awamu inayofuata kwa zile zinazolingana na pointi zako. Kurudia kozi ileile iliyojaa ni kupoteza muda.